Namna ya Kusoma Muswada Unaobana Vyama vya Watumishi wa Umma

Muswada wa kupunguza nguvu za vyama vya watumishi wa umma mara nyingi huletwa kwa jina la kuokoa bajeti, na msomaji mwenye haraka huishia kwenye tarakimu za pensheni. Mfano mzuri wa kujifunzia ni Sheria Namba 10 ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ambayo Gavana Scott Walker aliitia saini tarehe 11 Machi 2011.

Soma ukiwa na kalamu mbili. Kwa moja pigia mstari vifungu vya fedha, na kwa nyingine vifungu vya madaraka, yaani vile vinavyoamua nani ana haki ya kuketi mezani na mwajiri na wajadili nini. Huko Wisconsin, watumishi walitakiwa kulipa nusu ya michango ya pensheni na takriban asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya afya; viongozi wa vyama walitangaza kwamba wangeyakubali makato hayo iwapo haki ya majadiliano ya pamoja isingeguswa, na gavana akakataa. Ukishaliona hilo, unajua ugomvi haukuwa wa fedha peke yake.

Halafu angalia ni mambo gani yamebaki ya kujadiliwa. Sheria hiyo iliacha mshahara wa msingi tu, tena nyongeza isizidi kiwango cha kupanda kwa bei mpaka wapiga kura waridhie.

Vifungu vya utaratibu huchosha kusoma, lakini kwa maoni yangu ndivyo vyenye makali zaidi. Mkataba uliwekewa ukomo wa mwaka mmoja, ada ya uanachama ikapigwa marufuku kukatwa kwenye mshahara, na kila mwaka chama kikatakiwa kupigiwa kura upya ili kiendelee kuwawakilisha watumishi, tena kwa kupata asilimia 51 ya watumishi wote wa kundi husika, si ya waliojitokeza. Chukua karatasi upige hesabu: kundi lina watu 100, wanapiga kura 60, na 50 kati yao wanasema ndiyo. Katika uchaguzi wa kawaida huo ni ushindi wa kishindo. Kwa hesabu hii chama kimeshindwa, kwa kuwa kila aliyebaki nyumbani amehesabiwa kama aliyekikataa.

Kifungu kinachohusu ada ya wasio wanachama, yaani ile wanayotozwa kuchangia gharama za chama kinachowawakilisha, kisikupotezee muda, maana Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta ada hiyo kwa watumishi wote wa umma katika hukumu ya kesi ya Janus ya Juni 2018.

Tafuta pia nani ameachwa nje. Wisconsin iliwaacha polisi na wazimamoto, hivyo watumishi wakagawanyika mbele ya sheria. Jimbo la Ohio, mwaka huohuo, iliwajumuisha katika Muswada wa Seneti Namba 5, na wao wakawa miongoni mwa wapinzani wake wakubwa.

Fuatilia akidi na njia muswada unayopita bungeni. Huko Wisconsin, maseneta 14 wa chama cha Democratic walikimbilia jimbo jirani la Illinois kwa sababu muswada wa fedha ulihitaji maseneta 20 ukumbini na Republican walikuwa 19. Tarehe 9 Machi vifungu vya fedha viliondolewa, hitaji la watu 20 likaondoka navyo, na yaliyobaki yakapita kwa kura 18 kwa 1.

Mwisho, kabla hujaanza kukusanya saini za kupinga, fungua katiba ya jimbo uone inakuruhusu kupinga nini. Ya Ohio inawaruhusu wananchi kuipigia kura sheria yenyewe, nao wakaifuta ile iliyotokana na Muswada Namba 5 tarehe 8 Novemba 2011 kwa zaidi ya asilimia 60. Ya Wisconsin haina njia hiyo, kwa hiyo wapinzani walilazimika kujaribu kumwondoa gavana kwa kura kabla ya muda wake kuisha. Tarehe 5 Juni 2012 Walker alishinda kura hiyo, na sheria yake ikaendelea kutumika.