Kupima nuru, kina na ukuaji wa mwani katika Kongsfjorden, Svalbard

Anayetaka kujua mwani wa bahari za ncha ya dunia huzalisha kiasi gani asianze na kamba ya kupimia kina, bali aanze na nuru, kwa kuwa mita 10 za mwezi Mei si mita 10 za mwezi Agosti. Mfano wangu ni Kongsfjorden, ghuba ya visiwa vya Svalbard, Norwei, iliyo karibu na nyuzi 79 kaskazini, ambako jua halichomozi tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari.

Hatua ya kwanza ni kushusha kihisi cha nuru ya nanomita 400 hadi 700, yaani nuru ambayo mwani huitumia kukua, upande wa mashua unaoelekea jua, kivuli kisikupotoshe, ukiandika kipimo chini kidogo ya uso wa maji na kila mita 1.

Hatua ya pili ni kutafuta kiwango cha kufifia kwa nuru. Gawanya kipimo cha juu kwa cha chini, tafuta logi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha gawanya kwa kina. Tuseme juu ni 400 na kwenye mita 10 ni 20: 400 kugawanya kwa 20 ni 20, na logi asilia ya jibu hilo ni takriban 3, hivyo ukigawanya kwa mita 10 kiwango ni 0.3 kwa mita. Ukigawanya 4.6 (logi asilia ya 100) kwa 0.3 utapata takriban mita 15, kina kinachobakiwa na asilimia 1 ya nuru. Mwani mkubwa wa kahawia hukomea karibu na hapo, ilhali mwani mwekundu huweza kushuka zaidi.

Hatua ya tatu ni kurudia kazi hiyo msimu mzima. Barafu ya nchi kavu inapoyeyuka, maji yake huleta tope laini. Kiwango cha kufifia kikipanda hadi 0.6, kina cha asilimia 1 ya nuru hupanda hadi takriban mita 7.7. Ukiacha kihisi majini, kisafishe mara kwa mara, maana utando wa viumbe vidogo hukipa giza la uongo.

Mwisho, toboa tundu dogo kwenye jani la mwani, karibu na linapoungana na shina, kisha baada ya muda upime tundu lilivyosogea: urefu huo, ukizidishwa kwa uzito mkavu wa kila sentimita ya jani, ndio uzalishaji. Lakini Laminaria solidungula, aina ya mwani mkubwa wa kahawia, hurefusha jani hasa wakati wa giza la baridi, kwa akiba ya kiangazi kilichotangulia, kwa hiyo ukuaji wake wa Machi ulinganishwe na nuru ya Julai iliyopita.