Ua la waridi likinyauka usikate shingoni
Wenye mawaridi nyumbani, ua likinyauka usikate pale shingoni tu, shuka na kijiti mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano (ya juu huwa na vitatu), tafuta jicho (kile kinundu kidogo pale jani linaposhikana na kijiti) linalotazama nje, kata mshazari kama nusu sentimita juu yake. Jicho la hapo linatoa tawi nene, na kwa vile linaelekea nje katikati panabaki wazi hewa inapita, mimi nilikuwa nakata shingoni naambulia vitawi kama njiti za kiberiti. Kupogoa kwenyewe, ile ya kushusha hadi usawa wa goti, huku Arusha nafanya Februari kabla ya masika, mvua ikishakolea acha maana kidonda kibichi kinaoza. Mkasi butu nao unaponda shina. Mche wa mwaka wa kwanza toa ua tu, majani yaache.