Jinsi ya kuendesha wiki ya wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika

Wafugaji wa samaki wa mapambo wanaopenda samaki wa Ziwa Tanganyika wametapakaa: wako Kigoma na Bujumbura, wako Ujerumani, wako Marekani. Wanayoyajua yamelala kwenye makundi ya simu, na huko jibu zuri la leo kesho kutwa limeshafukiwa na salamu na picha. Wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika na kuihariri, inaweza kuyaokoa, mradi iendeshwe kwa utaratibu. Mfano wa hapa ni wiki ya samaki hao, lakini hatua ni zilezile kwa wapenda ndege, redio za mawimbi mafupi au pikipiki kuukuu.

Ukurasa mmoja ni wa nini?

Jibuni swali hili kabla ya kugusa seva, yaani kompyuta itakayobeba wiki. Ukurasa ni wa spishi, au wa samaki wa eneo moja la ziwa? Tropheus duboisi wanaotoka Maswa, eneo la mwambao wa ziwa, wana mkanda mpana wa njano, na mfugaji makini hawachanganyi na duboisi wa eneo jingine kwa sababu wakiwa tangi moja watazaliana na watoto watapoteza sura ya asili. Kwa hiyo habari za eneo zina uzito. Hata hivyo, mkifungua ukurasa kwa kila eneo tangu siku ya kwanza mtapata mamia ya kurasa zenye sentensi mbilimbili.

Utaratibu unaofaa ni huu: kila spishi ina ukurasa mmoja, na kila eneo lina kifungu ndani yake. Kifungu kikizidi aya nne na kikawa na picha ya samaki ambaye asili yake inajulikana, kitolewe kiwe ukurasa wake, kwa mfano «Tropheus duboisi (Maswa)», na kwenye ukurasa wa spishi ibaki aya moja na kiungo.

Kichwa cha ukurasa kiwe jina la kisayansi. Majina ya sokoni na ya wavuvi yawe maelekezo, yaani kurasa zinazompeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Anayetafuta kuhe afike moja kwa moja kwenye Boulengerochromis microlepis. Ukurasa «Kuhe» una mstari mmoja tu:

#REDIRECT [[Boulengerochromis microlepis]]

Shida huja wanasayansi wanapogawa spishi. Mwaka 2003 samaki wa kusini mwa ziwa waliokuwa wakiitwa Cyphotilapia frontosa walipewa jina lao, Cyphotilapia gibberosa. Maandishi ya kabla ya hapo yanasema «frontosa» kwa wote wawili. Hapa usihamishe ukurasa mzima kwa mkupuo. Fungua ukurasa wa gibberosa, hamisha vifungu vya maeneo kimoja kimoja, jina la sokoni «Blue Zaire» lielekezwe huko, na neno «Frontosa» peke yake lipewe ukurasa wa maana unaomuuliza msomaji anamtafuta yupi. Kisha pitia «Viungo viungavyo ukurasa huu» urekebishe kila kiungo kwa mkono. Kazi hii inachosha, lakini ukiikwepa, ushauri wa samaki mmoja utabaki umebandikwa kwa mwingine na hakuna atakayegundua.

Programu na seva

Tumieni MediaWiki, programu huria inayoendesha Wikipedia. Ina lugha ya Kiswahili ndani yake, na watu wengi tayari wanajua vitufe vyake. Chagueni toleo la msaada wa muda mrefu, kama 1.43 lililotoka Desemba 2024; linataka PHP 8.1 au zaidi, ambayo ndiyo lugha inayoiendesha, pamoja na programu ya hifadhidata kama MariaDB. Seva ya kukodi yenye RAM ya GB 2 inatosha jumuiya ya watu mia kadhaa. Baada ya kusakinisha, fungua faili ya mipangilio ya wiki, LocalSettings.php, na uweke angalau haya:

$wgLanguageCode = "sw";
$wgGroupPermissions['*']['edit'] = false;
$wgAutoConfirmAge = 4 * 86400;
$wgAutoConfirmCount = 10;
$wgEnableUploads = true;
$wgUseInstantCommons = true;

Mstari wa pili unazuia kuhariri bila akaunti. Wa tatu na wa nne unasema akaunti itahesabiwa imethibitika ikitimiza siku 4 na mahariri 10. Wa mwisho unakuruhusu kutumia picha za Wikimedia Commons bila kuzipakia upya.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau PHP yenyewe. Kikomo chake cha kupakia faili kwa chaguo-msingi ni MB 2, na picha ya simu ya siku hizi inapita hapo. Mwanachama anajaribu mara mbili, inakataa, anaondoka. Kwenye php.ini, faili ya mipangilio ya PHP, pandisha upload_max_filesize iwe MB 10 na post_max_size iwe MB 12.

Leseni nayo iamuliwe siku hiyohiyo. CC BY-SA 4.0, leseni huria ya Creative Commons, inafaa kwa sababu inaruhusu kunakili na kuboresha mradi waandishi watajwe na kazi mpya itolewe kwa leseni hiyohiyo. Mkianza bila leseni mkaja kutaka kuiweka baada ya miaka miwili, itabidi kuomba ruhusa ya kila aliyeandika, na wengine hawapatikani tena.

Taka

Wiki mpya hupata roboti za matangazo kabla ya kupata waandishi. Washa kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, cha ConfirmEdit chenye QuestyCaptcha, ambacho humuuliza swali mtu anayefungua akaunti. Usiulize ziwa gani ni refu kwa kina Afrika. Roboti ina jibu. Uliza kitu kinachopatikana kwenu tu, kama neno la mwisho la tangazo lililobandikwa juu ya kundi lenu, na ubadilishe swali kila taka zinapoanza kupenya. Weka pia Nuke, ambayo inamwezesha msimamizi kufuta kwa pamoja kurasa zilizoanzishwa karibuni na akaunti moja.

Kisha panga zamu. Watu watatu, kila mmoja na siku zake, wapitie «Mabadiliko ya karibuni» mara moja kwa siku. Zamu isipokuwa na jina la mtu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshapita.

Namna ya kuandika mambo ya uzoefu

Hapa ndipo wiki ya wapenda jambo inapotofautiana na Wikipedia, na hapa ndipo nyingi zinapoharibika. Wikipedia hairuhusu utafiti wa mwandishi mwenyewe. Mkiiga sheria hiyo mtakuwa mmetupa hazina yenu, kwa sababu mengi kuhusu kuzalisha samaki hawa yamo vichwani mwa watu wanaowafuga. Lakini mkiacha kila mtu aandike anavyojisikia, ukurasa utajaa «mimi wangu wanakula chochote». Uzoefu ukubaliwe, ila uandikwe kwa namna ambayo mwingine anaweza kuupima.

Chukua sentensi hii kuhusu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: «Tropheus wanahitaji pH ya juu na joto.» Haina kazi. Mhariri aliye zamu asiifute, aigeuze iwe hivi: «Tangi la lita 400, samaki 20, pH 8.6, joto nyuzi 26, kipimo cha matone, Machi 2024», ikifuatiwa na jina la mtumiaji aliyepima. Sasa anayepata matokeo tofauti anaweza kuona tofauti iko wapi. Asiyekumbuka vipimo aulizwe kwenye ukurasa wa majadiliano, na sentensi yake ihamie huko hadi ajibu.

Tenganisheni pia vipimo vya ziwani na vya tangini. Ndani ya kigezo, ile sanduku ya pembeni, kuwe na sehemu mbili tofauti: «pH ziwani» na «pH tangini». Zikichanganywa, mtu atanakili namba ya ziwa akidhani ni ya tangi la mtu lililofaulu. Kigezo chenyewe kianze na sehemu tisa tu: jina la kisayansi, majina mengine, maeneo, urefu, chakula, pH ziwani, pH tangini, joto na ujazo mdogo wa tangi. Kigezo cha sehemu thelathini hubaki kitupu nusu nzima, na mgeni anayeona nafasi nyingi tupu huona aibu kuhariri.

Ugomvi mkubwa huwa ni chakula. Tropheus hula mwani miambani, na wafugaji wengi huhusisha chakula chenye protini nyingi na ugonjwa wa kuvimba tumbo, wengine wanapinga. Watu wawili wakianza kurudishiana mahariri, kikomo kiwe mara mbili. Baada ya hapo ukurasa ufungwe siku tatu, na hoja zote mbili ziandikwe kwenye makala, kila moja na vipimo vyake. Msimamizi aliyeshiriki mabishano asiwe yeye anayefunga ukurasa.

Picha

Jina la faili liseme kitu: «Tropheus duboisi Maswa dume 2024.jpg», siyo «IMG_4471.jpg». Kabla ya kupakia, ondoeni taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha. MediaWiki huzionyesha chini ya ukurasa wa faili, hivyo picha iliyopigwa sebuleni inaweza kutangaza nyumba ya mtu. Kwa samaki wa eneo dogo sana ziwani, andikeni jina la kijiji au rasi na muishie hapo. Alama kamili za ramani huwafaa zaidi wanaokwenda kuwakomba.

Matunzo

Kila mwezi mtu mmoja afungue Kurasa maalum na ashughulikie orodha mbili: maelekezo mawili-mawili, kwa kuwa MediaWiki haifuati elekezo la pili na msomaji hukwama njiani, na kurasa yatima zisizounganishwa na ukurasa wowote. Orodha ya kurasa zinazotakiwa wapeni wageni, kwani inaonyesha viungo vyekundu, yaani vinavyoelekeza kwenye kurasa ambazo bado hazijaandikwa.

Nakala rudufu ina vipande vitatu: hifadhidata kwa mysqldump (amri ya kuinakili yote), folda ya images, na LocalSettings.php. Faili ya XML inayotolewa na dumpBackup, amri ya MediaWiki ya kutoa maandishi ya kurasa, haitoshi peke yake, maana haina akaunti za watumiaji na picha haimo isipoombwa. Ichukuliwe kila usiku, itunzwe nje ya seva, na kila baada ya miezi mitatu irejeshwe kwenye kompyuta nyingine hadi wiki ifunguke na picha zionekane. Kabla ya kupandisha toleo, chukua nakala, badilisha faili, kisha endesha php maintenance/run.php update. Viendelezi navyo viwe vya toleo hilohilo, la sivyo utapata ukurasa mweupe.

Mwisho, nywila za seva na za jina la kikoa, yaani anwani ya wiki mtandaoni, ziwe kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, na malipo ya kikoa yafanywe kwa miaka kadhaa mbele. Barua pepe ya kukumbusha malipo iende kwenye anwani ya pamoja inayosomwa na wote wawili.