Ujuzi wa kuandika tangazo linaloleta oda hapohapo

Kuna matangazo ya kujenga jina, yale ya mabango makubwa barabarani, halafu kuna haya ambayo mtu akimaliza kusoma anatakiwa afanye kitu sasa hivi, apige simu, atume meseji, alipie. Haya ya pili ndo naongelea hapa, na anayeyaandika, kopiraita, anapimwa kwa oda zilizoingia, sio kwa laiki.

Ujuzi wa kwanza, na kwangu mimi ndo mkubwa kuliko yote, ni kusikiliza wateja. David Ogilvy kabla hajawa jina kubwa kwenye matangazo alikuwa anauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Scotland miaka ya 1930, kwa hiyo alipokuja kushika kalamu alishajua watu wanakataa kwa sababu gani. Sasa wewe tuseme umepata kazi ya dada anayeuza mapazia Kariakoo. Usikimbilie kuandika. Kaa dukani kwake siku nzima, muulize wateja wanamuuliza nini WhatsApp, na uandike hivyohivyo wanavyosema: "rangi haichuji?", "vyuma mnakuja navyo?", "dirisha langu sijalipima, ntajuaje saizi?", "nikilipa halafu mzigo usije?" Hapo umeshapata robo tatu ya tangazo, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu "ubora wa hali ya juu", watu wanawaza fundi na hela yao.

Angalia tangazo la kawaida: "Mapazia mazuri ya kisasa, ubora wa hali ya juu, karibuni sana wateja wetu wapendwa. Bei DM." Sasa hili, bei nimeweka ya mfano tu: "Hujui saizi ya dirisha lako? Fundi anakuja kupima bure, unalipa akishafunga. Dirisha la futi 5 kwa 5 ni sh 45,000 pamoja na vyuma. Tuma neno PIMA na jina la mtaa wako kabla ya Ijumaa saa 12 jioni, Jumamosi fundi anazunguka."

La pili limejibu maswali kabla hayajaulizwa, na limeomba kitu kimoja tu. Ukimwambia mtu piga, au njoo dukani, au tufolo, au bonyeza linki, hafanyi hata kimoja. Na hiyo "bei DM" naomba kabisa iachwe, mtu mwenye hela yake mkononi anaona kama unataka umuangalie usoni kwanza ndo umpangie bei, anapita. Kama bei inabadilika kutokana na saizi, taja ya kuanzia.

Tarehe ya mwisho iwe ya kweli. Hapo juu ni Ijumaa kwa sababu fundi kweli anazunguka Jumamosi. Ukiandika "zimebaki 3 tu" na wiki ijayo bado zimebaki 3, wateja wanaona, wanascreenshoti, na aliyekupa kazi ndo anabaki na aibu.

Jua pia unaandikia wapi. SMS moja ni herufi 160, ila ukiweka emoji moja tu inashuka mpaka 70, kwa hiyo meseji yako inakatwa vipande na mwenye duka analipia SMS mbili au tatu bila kujua. Brodikasti ya WhatsApp inawafikia wale tu walioisevu namba yako kwenye simu zao, ndo maana kila anayenunua aombwe aisevu namba. Stetasi inaondoka baada ya saa 24. Na namba za watu usizinunue wala kuziokota kwenye magrupu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, na mbali na sheria, mtu ambaye hakukujua anakubloku tu.

Halafu kuhesabu, hapa ndo wengi wanakimbia. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo kule Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita alikuwa anaweka kuponi, yaani kipande cha kukata na kurudisha, kwenye matangazo ya magazeti, kila tangazo na alama yake, kuponi zikirudi anajua lipi limeuza na lipi limekula hela bure. Wewe unaweza kufanya hivyohivyo kwa simu. Wateja wa duka gawa nusu kwa nusu, nusu watumie tangazo linaloanza na kupima bure na neno PIMA, nusu linaloanza na bei na neno DIRISHA, mengine yote yafanane na yatoke saa ileile. Hesabu waliolipa, sio waliouliza. Tofauti ikiwa oda moja au mbili usishangilie, rudia wiki nyingine.

Hayo matokeo yatunze kwenye daftari, tarehe, tangazo lenyewe neno kwa neno, waliotumiwa, walionunua. Ukienda kwa mwenye duka mwingine kuomba kazi, fungua ukurasa umuonyeshe (majina na namba za wateja ziwe zimefichwa), halafu mkubaliane mapema unalipwa kiasi gani kwa kazi na asilimia ngapi kwa kila oda inayoingia na neno lako.