Mfano wa mfereji wa bahari kuu kwa manila, bomba na mchanga

Mwanafunzi wa Nakuru anaishi ndani ya Bonde la Ufa, kwa hiyo ukimtajia mfereji wa bahari kuu hudhani ni ufa mwingine uliojaa maji. Sivyo. Nakuru ardhi inavutwa pande mbili; kwenye mfereji, bamba moja la dunia, yaani kipande kikubwa cha ganda lake la mwamba, linazama chini ya jingine. Mfano huu unaonyesha huko kuzama. Kipindi cha dakika 40 kinatosha, mradi meza zipangwe mapema.

1. Kata ukanda wa manila wenye upana wa sentimita 20 na urefu wa 60. Hilo ndilo bamba la bahari.

2. Chukua meza mbili zenye kimo sawa. Bandika bomba la plastiki la inchi 2 ubavuni mwa meza ya kushoto, mgongo wake ulingane na uso wa meza. Sogeza ya kulia hadi ubaki upenyo wa milimita 3 kati yake na bomba, kisha weka kipande cha mbao ukingoni mwake kiwe bara. Usiliache bomba: kwenye ukingo mkali manila huvunjika, ilhali bamba halisi hujipinda.

3. Laza ukanda juu ya meza ya kushoto, upitishe juu ya bomba, ncha ishuke kwenye upenyo. Tandaza mchanga wa ujenzi uliochekechwa, unene wa milimita 8. Mkavu utaporomoka wote sakafuni. Uliolowa sana utairarua karatasi. Ulio sawa hushikana ukiufinya, na hubomoka ukiugusa.

4. Vuta ncha ya chini polepole. Usisukume kutoka juu, manila itajikunja, na isitoshe utafundisha uongo. Mwamba wa sakafu ya bahari hupoa kadiri unavyozeeka, ukawa mzito kuliko ulio chini yake; sehemu iliyokwisha kuzama ndiyo inayokokota iliyobaki. Bamba la Nazca, lililo chini ya Bahari ya Pasifiki, huingia chini ya Amerika Kusini kwa takriban sentimita 7 kwa mwaka, na mfereji wa hapo una kina cha mita 8,000 hivi. Kwenye mfereji wa Mariana, magharibi mwa Pasifiki, bamba la Pasifiki lina umri wa zaidi ya miaka milioni 150, na kina kinakaribia mita 11,000.

5. Bonde kati ya mgongo wa bomba na mbao ndilo mfereji. Mchanga unaokwanguliwa hurundikana upande wa bara. Rudia kwa mchanga maradufu: bonde litafukiwa, ingawa ukanda bado unazama. Ndivyo ilivyo nje ya pwani ya Oregon, Marekani, ambako mashapo (mchanga na tope) yameujaza mfereji.

6. Chomeka vijiti viwe volkeno, upande wa bara, sentimita 10 kutoka bondeni, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 20. Bamba likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji yaliyomo hutoka na kuufanya mwamba moto ulio juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi. Menengai, volkeno ya Nakuru, usiitolee mfano hapa. Mwamba wa chini yake huyeyuka kwa sababu ardhi imetanuka na shinikizo kupungua.

Kwa kipimo hicho, bonde lenye kina cha sentimita 2.5 ni sawa na kina cha kilomita 50. Mariana ingekuwa milimita 5.5 tu. Liandike hilo ubaoni kabla hawajaanza kuchora.