Kulaza viti vya nje msimu wa baridi bila kuviozesha

Mwaka ule nilifunika benchi letu kwa nailoni nzito, nikalizungushia kamba mara saba na kukaza mpaka chini. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nalifunika au nalizika. Jibu nililipata baada ya miezi minne, nilipolifungua. Madoa meusi ya kuvu yalikuwa yameenea ubao mzima, gundi ya maungio imeachia, na harufu yake kama ya jamvi lililokunjwa likiwa mbichi. Theluji haikuwa imeligusa hata kidogo. Maji yaliyoliharibu niliyafungia mwenyewe.

Mimi ni seremala, kwa hiyo nilistahili aibu ile. Ubao hata ukionekana mkavu una unyevu ndani yake, na ardhi iliyo chini ya kiti inao zaidi. Mchana jua likipiga nailoni, ndani panapata joto, unyevu unapanda. Usiku unageuka matone juu ya nailoni, kwa upande wa ndani, kisha matone hayo yanarudi kudondokea ubao. Inakuwa hivyo kila siku, miezi minne. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya benchi langu ilikuwa ile nailoni.

Basi kabla hujafikiria kufunika, fikiria kukausha. Osha viti kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Ondoa majani yaliyonasa kwenye pembe na kinyesi cha ndege, maana hivyo vyote hushika maji kama sponji. Ile mashine ya kurusha maji kwa kasi iache kwa ajili ya sakafu. Kwenye mbao inachana nyuzi laini, ubao unabaki na manyoya, na manyoya yale hunywa maji. Ukishaosha, viache vipigwe na jua na upepo siku mbili tatu. Usivisogeze karibu na moto ili vikauke haraka, vitapasuka.

Ukitaka kupaka mafuta, paka baada ya hapo, si kabla. Mbao za msaji zinaweza kukaa bila mafuta kabisa. Zitageuka rangi ya kijivu, lakini ni uso tu ulioungua jua, ndani hazina shida. Kijivu kile mimi nakipenda, wateja wengi hawakipendi, na sibishani nao. Vanishi iliyopasuka ndiyo ya kuogopa. Maji huingia kupitia ufa halafu hayaoni pa kutokea, kwa hiyo ikwangue kwa msasa hata kama huna muda wa kupaka nyingine.

Angalia miguu. Ubao hauingiwi na maji sana ubavuni, huingiwa pale ulipokatwa, kwenye ncha, kwa sababu nyuzi za mti ni mirija. Zilikuwa zikipandisha maji mti ulipokuwa hai, na zinaendelea na kazi ile ile mguu ukisimama kwenye dimbwi. Pakaa ncha za miguu nta au rangi, kisha inua kila mguu juu ya tofali au kipande cha ubao.

Chuma kina ugonjwa wake. Jirani aliniletea kiti ambacho mguu wake, bomba la chuma lenye uwazi ndani, ulikuwa umepasuka kwa urefu kama ganda la kunde. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyaweka. Kwa hiyo tikisa kiti. Ukisikia maji yakicheza ndani, kipindue, vua vile vifuniko vya plastiki vya miguuni, tafuta tundu dogo la kutolea maji na ulizibue kwa msumari. Kama halipo, toboa moja la milimita 5 mahali pa chini kabisa, upake rangi kingo zake. Kutu ukiiona isugue leo, upake rangi ya kuzuia kutu leo. Hadi msimu uishe itakuwa imekula mara kadhaa ya hapo. Alumini haishiki kutu kama chuma, ila skrubu zake mara nyingi ni za chuma, basi zikague.

Mito ya kukalia iingie ndani, hata kama dukani waliapa kwamba inastahimili maji. Panya nao huipenda kuliko sisi. Henzirani halisi, ile ya kusukia viti, nayo iingie ndani. Ya plastiki inaweza kubaki. Kioo cha meza kikishindikana kuingia ndani, kitoe mezani, kisimamishe kwa ukingo juu ya mbao, kisiguse zege, ukifunge kisianguke. Na kile kitako cha mwavuli kinachojazwa maji, kimwage chote. Nimeona watu wakikumbuka mwavuli na kusahau kitako.

Sasa funika. Turubai la kitambaa kinachopitisha hewa ndilo bora, lakini hata la nailoni linafaa ukiliweka kama hema badala ya sanda. Weka ndoo iliyopinduliwa katikati ya meza ili turubai lipate mteremko, maji na theluji visituame. Chini acha nafasi ya shubiri nzima, upepo upite. Funga kamba kwenye miguu ya samani yenyewe, imara, kwa sababu turubai linalopigapiga husugua rangi kama msasa. Samani zote ziweke pembeni mwa ukuta, upande usiopigwa na upepo, lakini si pale theluji ya paa inapoporomokea.

Theluji ikirundikana ipanguse kwa ufagio. Usitumie koleo, na barafu iliyoganda usiimwagie maji ya moto. Plastiki yenye baridi huvunjika kwa pigo dogo, na kioo hakipendi mshtuko. Katikati ya msimu chagua siku kavu, funua kwa saa chache, upitishe kiganja chini ya viti. Kikirudi kimelowa, hewa haitoshi. Acha upande mmoja wazi zaidi.

Baridi ikiisha, kabla hamjakaa, shika bisibisi upitie skrubu zote. Mbao zimevimba na kusinyaa miezi yote hiyo, na skrubu iliyolegea kwa kawaida hugunduliwa na mgeni, akiwa na kikombe cha chai mkononi.