Utafiti wa mwaka wa tatu: kutoka mada hadi ripoti iliyofungwa

Utafiti wa shahada ya kwanza mara nyingi huharibikia kwenye mada, kabla hojaji ya kwanza haijachapwa. "Athari za teknolojia kwa lugha ya Kiswahili" haitafitiki. Teknolojia ipi, Kiswahili cha nani, na athari utaipimaje? Ipunguze mpaka ujibu maswali manne: kitu gani, wapi, lini, na utakishikaje mkononi. Hapa tutafuata mada moja mpaka mwisho: "Uchanganyaji msimbo katika mabango ya maduka ya simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo." Uchanganyaji msimbo ni kuchanganya lugha mbili au zaidi katika matini moja. Data yake iko barabarani, inapigika picha, inahesabika, na nauli ya kuifuata ni ya daladala.

Ukishapata mada, andika malengo mahususi. Matatu yanatosha, manne ni kujitafutia kazi. Kwa mada yetu: kubainisha lugha zinazotumika katika mabango hayo, kuchambua namna zinavyochanganywa, na kueleza sababu za wenye maduka kuzichanganya. Sasa chora jedwali la safu nne: lengo, swali la utafiti, data inayotakiwa, na njia ya kuipata. Lengo la kwanza na la pili yatajibiwa na picha. La tatu halijibiwi na picha hata ukipiga elfu moja, linataka usaili. Lengo ambalo safu yake ya mwisho imebaki tupu lifute leo, usisubiri kuulizwa siku ya kutetea pendekezo la utafiti.

Vibali

Anza navyo mapema, maana ndivyo vinavyokula wiki. Barua ya utambulisho hutoka chuoni, kisha hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa au wilaya, halmashauri (kwa Kariakoo ni Jiji la Dar es Salaam), mtendaji wa kata, hadi ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza idarani kwako barua ianzie ngazi ipi na ielekezwe kwa nani, kwa sababu barua iliyoandikiwa ofisi isiyo yake hurudishwa na unaanza upya. Toa nakala tano, kila ofisi igonge muhuri kwenye nakala yako, nawe utembee nayo. Hata ukiwa na mihuri yote, mwenye duka bado ana haki ya kukukatalia kupiga picha. Mwombe kwanza.

Ukubwa wa sampuli

Sampuli ni sehemu ya walengwa utakaowachunguza kwa niaba ya wote. Hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kanuni ya Yamane ya 1967, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kama pambo. Kanuni yenyewe ni rahisi: gawanya idadi ya walengwa kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha makosa. Tuseme walengwa wa hojaji ni 480 na kiwango cha makosa ni 0.05, yaani asilimia 5: unagawanya 480 kwa 2.2, unapata 218. Ukiweka 0.1, unagawanya kwa 5.8, unapata 83. Kwa 0.1 jibu halivuki 100 hata walengwa wawe milioni, kwa 0.05 halivuki 400. Basi unapochagua 0.1 sema wazi kwamba umechagua kwa sababu ya muda na fedha, na ukubali kwamba usahihi umepungua.

Kanuni hiyo ni ya sampuli nasibu, yaani kila mlengwa awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukikokotoa 83 kwa Yamane halafu ukahoji 83 wa kwanza uliokutana nao, hesabu haina maana tena. Na kwa usaili wa kina usiitumie kabisa. Wenye maduka 10 hadi 12 waliochaguliwa kwa makusudi, wa maduka makubwa na madogo, wanakutosha. Majibu yakianza kujirudia, simama.

Kwa mabango, tembea upande mmoja wa mtaa kutoka kona moja hadi nyingine na upige picha mabango ya kila duka la simu, bila kuruka lisilovutia. Taja kona hizo kwenye ripoti. Mabango 120 yanachambulika kwa mkono bila kukuua.

Kanuni za kuhesabu

Ziandike kabla ya kupiga picha ya kwanza. Bila kanuni, bango la 15 utalihesabu hivi na la 90 vile, na hutagundua.

Bango moja ni maandishi yote yaliyo ndani ya fremu moja: ubao wa juu ya mlango ni bango, stika ya kwenye kioo ni bango jingine, ingawa duka ni lile lile. Majina ya kampuni kama Samsung na Tecno hayahesabiwi kuwa lugha yoyote, na bango lenye jina la kampuni peke yake linaachwa. Maneno ya mkopo huamuliwa kwa tahajia: "chaja" na "kava" ni Kiswahili, "charger" na "cover" ni Kiingereza. Mtu anaweza kubishia kanuni hii ya mwisho, na ana hoja, lakini kanuni inayobishaniwa na kufuatwa kila mara ni bora kuliko kukisia.

Kisha ijaribu. Chukua mabango 20, mpe mwenzako kanuni hizo bila maelezo ya mdomo, kila mmoja ahesabu peke yake. Mkikubaliana 17 kati ya 20, ni asilimia 85, endelea. Mkiwa chini ya 16, tatizo ni kanuni. Ziandike upya na mjaribu kwa mabango mengine.

Picha ipe jina siku hiyo hiyo: AGG-001, AGG-002. Usijitumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani itapunguzwa ubora na jina litabadilika. Itume kama dokumenti au iweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwenye Excel, mstari mmoja uwe bango moja. Na mabango hayo yana namba za simu za watu: zifiche kabla picha haijaingia kwenye ripoti. Wasailiwa nao, yaani wenye maduka, waite MD1, MD2, na kuendelea. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Kuandika

Usianze na sura ya kwanza. Anza na methodolojia, kwa kuwa uliyoyafanya unayajua, kisha uchambuzi wa data, mapitio ya maandiko, utangulizi, hitimisho. Ikisiri, yaani muhtasari wa ripoti nzima, ni ya mwisho kabisa.

Methodolojia huwa imenakiliwa kutoka kwenye pendekezo, na hapo ndipo njeo, yaani wakati wa kitenzi, humuumbua mwandishi: "mtafiti atatumia hojaji" ndani ya ripoti iliyokwisha. Tafuta kila "-ta-" ya sura hiyo na uibadilishe kuwa "-li-". Ukipanga mabango 150 ukapata 120, andika 120 na sababu.

Katika uchambuzi, jedwali lisizungumze peke yake wala lisirudiwe kwa maneno. Tuseme umepata mabango 46 ya Kiswahili tu, 21 ya Kiingereza tu na 53 ya mchanganyiko: asilimia 38.3, 17.5 na 44.2. Hakikisha jumla ni 120 na 100. Aya inayofuata isiseme tena "mabango 53 sawa na asilimia 44.2"; ionyeshe Kiingereza kimekaa wapi ndani ya mabango hayo 53, kwenye jina la duka au kwenye bei, kisha ilete maneno ya MD4 yanayoeleza kwa nini.

Mapitio ya maandiko si orodha ya "Fulani (2010) anasema". Panga kwa hoja. Kwa mada hii huwezi kuwapita Landry na Bourhis, waliotoa makala ya msingi kuhusu mandhari ya lugha, yaani lugha zinazoonekana kwenye mabango na alama za hadharani, mwaka 1997. Kwa Kiswahili, pekua majarida ya Kiswahili, Mulika na Swahili Forum. Chanzo ulichopewa na programu ya akili unde kitafute mwenyewe mpaka ukifungue, maana programu hizo hubuni marejeleo yenye sura ya kweli kabisa. Usichoweza kukifungua, kiondoe.

Msimamizi mpelekee sura moja moja, na kila unaporudi ambatisha ukurasa wenye safu mbili: alichosema, na ulichofanya pamoja na namba ya ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu humo humo. Kabla ya kupeleka kazi kufungwa jalada, linganisha kila jina lililotajwa ndani ya matini na orodha ya marejeleo, pande zote mbili, kisha fungua PDF na si Word, kwa sababu namba za kurasa kwenye yaliyomo huhama faili linapohamia kompyuta ya steshenari.